Barabara ya Biryogo na Nyumba Isiyopakwa Rangi

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa mwaka 1990, nilifika ofisi ya barabara za mji wa Kigali nikiwa nimevaa tai. Mkuu wa Barabara aliitazama, akatabasamu, akanikabidhi nyundo na mzigo wa vigingi vya mti.

"Mpima havai tai," alisema. "Siku moja mwenye nyumba mkali ataishika."

Niliivua, tukatoka.

Vijana wa leo wanapima kwa mitambo inayozungumza na mbinguni. Enzi zetu kazi ilikuwa ya miguu na macho. Tulikuwa na darubini ya kupimia pembe, iliyosimama juu ya miguu mitatu, na utepe wa chuma. Mmoja alichungulia, mwingine akasimama mbali ameshika fimbo ya rangi nyekundu na nyeupe. Pale ukingo wa barabara mpya ulipotarajiwa kufika, tulipiga kigingi. Kigingi kikiangukia ndani ya ua wa mtu, ndipo kazi yenyewe ilipoanza, kwa sababu ardhi hiyo ilibidi mji uitwae, na ukiitwaa uilipe. Malipo hayo ndiyo tuliyoita fidia.

Barabara yetu ilitoka sokoni, katikati ya mji, ikateremka hadi Biryogo, mtaa wa Waislamu na wasemao Kiswahili. Ilikuwa nyembamba kiasi kwamba malori mawili yakikutana, moja lilirudi nyuma huku watu wakilitukana. Mvua ikinyesha, maji yaliingia madukani. Lami na mitaro tungevijenga kwa mkopo, lakini wakopeshaji hawakulipia ardhi hata kidogo. Fidia ilitakiwa itoke kwenye mfuko wa mji wenyewe, yaani ushuru wa soko na kodi za maduka. Tena mkataba ulisema wazi kwamba tingatinga lisiguse ukuta wa mtu kabla mwenyewe hajalipwa.

Tulikuwa hatujapiga vigingi hata nusu ya njia vita vilipoanza kaskazini, Oktoba ya mwaka ule ule. Mjini watu wengi walikamatwa kwa kushukiwa kuwasaidia waasi. Kazi ikasimama. Ilipofufuliwa, baada ya miaka miwili hivi, Mkuu aliniita ofisini kwake akafunga mlango. Alikuwa mtu wa Kinyarwanda na Kifaransa. Kiswahili alikisema kwa kukikata kata, na kwangu alikisema makusudi, kwa sababu mama yangu alizaliwa Biryogo na alijua ndiyo lugha ya nyumbani kwetu.

"Sikiliza, Bwana Mpima. Fedha ya fidia iko. Lakini vita iko pia. Huko juu kila mtu anaitazama fedha yetu kama paka anaangalia nyama. Tukichelewa kuwalipa watu, itakwenda kwa mambo mengine, na barabara imekufa."

"Tutafanya haraka, Shefu."

"Haraka sana. Na Biryogo utakwenda wewe."

Utaratibu ulikuwa hivi. Kwanza nyumba ilitiwa alama, X nyekundu ukutani, na pembeni neno TOWA, yaani ondoa, ambalo hata asiyejua Kiswahili alielewa maana yake. Pili alikuja mthamini, mtu wa kukadiria thamani ya ukuta, bati na ardhi. Tatu, malipo. Mthamini hakugusa nyumba isiyo na alama, na mkaguzi wa wakopeshaji alipokuja alitaka kuiona rangi kwa macho yake.

Upande wa sokoni mambo yalikwenda. Wenye maduka walinung'unika, wakabishania bei, wakakubali. Biryogo nilikwama kwenye nyumba ya kwanza.

Ilikuwa ya Bi Mwajuma, mama aliyeuza chai, chapati na maharage. Kibarazani mumewe, Mzee Saidi, alishona nguo kwa cherehani ya miguu. Kigingi changu kilikuwa kimeangukia hapo kibarazani. Bi Mwajuma alinikaribisha vizuri, akanimiminia chai ya tangawizi. Alipomwona kibarua wangu anafungua ndoo ya rangi, aliiweka birika chini.

"Hiyo hapana, mwanangu."

"Mama, ni alama tu. Bila alama hamtalipwa."

"Kibaraza chukueni. Barabara tunaitaka, hata sisi maji yanatuingilia. Lakini ukuta wangu hauandikwi." Alishusha sauti. "Oktoba ile, asubuhi tuliona alama ya chaki mlangoni. Tukadhani ni watoto. Jioni wakaja wakamchukua Saidi. Alirudi baada ya miezi, hivyo unavyomwona."

Nilimtazama Mzee Saidi. Alikuwa anashona huku ameinamisha kichwa, kana kwamba hakusikia. Mkono wake mmoja haukukunjuka vizuri.

Jirani akatoka, na jirani wa jirani. Kufikia adhuhuri kichochoro kizima kilikuwa kimesema hapana. Hakuna aliyepiga kelele wala kutishia. Walisimama tu, kila mtu mbele ya ukuta wake. Nilifunga ndoo nikarudi ofisini.

Mkuu alikasirika. "Rangi iko, burashi iko, kwa nini alama haiko? Mkaguzi anafika wiki hii!"

Nilimweleza habari ya chaki. Nikapendekeza badala ya rangi tuweke vituo vya rejea ng'ambo ya barabara, yaani misumari ya chuma kwenye mtaro wa zamani na kwenye msingi wa msikiti, ambavyo mpima yeyote angeweza kuanzia kupima mpaka kila ukuta. Mkuu mwenyewe ndiye aliyenifundisha njia hiyo, tulipokuwa tukipima makorongo. Alikataa.

"Mkaguzi hataki misumari. Kesho nakwenda mimi."

Usiku huo sikulala vizuri. Wakati ule mtu akionekana anawatetea watu wa mtaa fulani, maswali mengine hufuata, na mimi nilikuwa na mke mjamzito.

Asubuhi Mkuu alikuja na gari la ofisi na polisi mmoja, eti wa kulinda vifaa. Wateja wa Bi Mwajuma waliacha chai zao mezani wakaondoka kimya. Mkuu alishuka, akachukua burashi kwa mkono wake mwenyewe, akaichovya.

Mzee Saidi alisimamisha cherehani. Alimtazama polisi, akaitazama burashi. Kisha akainuka, akaingia ndani. Tulidhani anakwenda kumwita mkewe. Alipotoka alikuwa amevaa koti la baridi, ingawa jua lilikuwa limeshapanda, na mkononi ameshika blanketi lililofungwa kwa kamba na bakuli la bati. Akaja moja kwa moja mpaka mbele ya Mkuu.

"Niko tayari," alisema. "Lakini mke wangu mwacheni."

Bi Mwajuma alitoka jikoni mbio. "Saidi! Hawa ni watu wa barabara! Ni barabara tu!"

Hakumsikia. Alikuwa ameshageuka kulielekea gari, mikono ameitanguliza mbele, kama mtu aliyezoea kufungwa.

Rangi ilidondoka kutoka kwenye burashi ikaanguka juu ya kiatu cha Mkuu. Hakuifuta. Mwishowe aliiweka burashi ndani ya ndoo, akamshika mzee bega.

"Muzehe," alisema, "hapana. Rudi ukae. Mimi sikuja kukuchukua." Kisha kwa Kinyarwanda akamwomba msamaha, taratibu, maneno ambayo sijapata kumsikia mkubwa wa ofisi akimwambia fundi wa kibarazani. Akamrudisha polisi garini.

Mkuu aliketi kwenye benchi la wateja. Bi Mwajuma, machozi bado machoni, akampa chai kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Mkuu akainywa yote.

"Bwana Mpima," aliniita hatimaye. "Ile misumari yako. Unaweza kumaliza kabla mkaguzi hajafika?"

"Nitajaribu, Shefu."

"Usijaribu. Maliza."

Tulimaliza. Mkaguzi alipofika alibisha asubuhi nzima. Mkuu alimtembeza kutoka msumari hadi msumari, akimfanya ashike mwenyewe utepe, mpaka akachoka akakubali. Mthamini akaingia Biryogo, na watu wakalipwa. Mzee Saidi alibomoa kibaraza kwa mikono yake, na kwa fidia wakajenga vyumba viwili nyuma ya ua.

Lami haikufika. Mwaka 1994 ulipoanza mji ulikuwa umeshashikwa na hofu, na mkandarasi akaondoa mitambo yake. Ikaja Aprili na mauaji yake. Sitaieleza yote, wanaojua wanajua. Nitasema tu kwamba mimi na mke wangu, na mtoto mgongoni, tulishuka Biryogo kupitia vichochoro nilivyovipima mwenyewe, tukabisha kwa Bi Mwajuma. Alifungua kidogo tu.

"Ingia, mwanangu. Usiseme."

Katika vyumba vile vya nyuma tulikuta watu wamekaa gizani. Mmoja alikuwa mke wa Mkuu, na watoto wao. Nilimuuliza kwa kunong'ona mwenzake yuko wapi.

"Alitutanguliza," alijibu. "Alisema tuje kwa wazee wa cherehani, kwamba hawa hawatatutoa. Akasema anakuja."

Hakuja. Mzee Saidi alikaa mlangoni siku zote zile, akishona. Waliokuja kuuliza aliwajibu kwamba ndani kuna vitambaa tu.

Barabara ilijengwa miaka mingi baadaye, na wapima wapya. Waliifuata njia yetu karibu yote. Nilifanya kazi mpaka nikawa mpima mkuu, nikastaafu nikiwa bado naona mbali. Siku ya kuniaga vijana walinionyesha picha iliyopigwa kutoka angani. Nyumba zote za Biryogo zilikuwemo, kila bati na kila ua, vipimo tayari, na hakuna mwenye nyumba aliyejua kwamba ameshapimwa. Ni kazi nzuri, niliwaambia, na nilikuwa sitanii.

Kisha wakaniomba wosia. Nikawaambia kwamba vipimo mnavyo, lakini nendeni mkabishe hodi. Mkae, mnywe chai mtakayopewa. Mjue nani anaishi mle ndani na anaogopa nini. Baada ya hapo ndipo mzungumze habari za barabara.