Mkono Uliogoma Kufunguka

Maiti iligoma kuoshwa, jamani.

Haya nimeyapata kwa muosha maiti wa mtaani kwetu, shoga yangu wa miaka, juzi tukichambua mchele barazani.

Kulikuwa na mwanamke mmoja, Mkristo, kaolewa nyumba ya Waislamu. Mumewe yuko kazini mbali. Mama mkwe kapooza upande mmoja, mkono umejikunja kifuani kama kabana kitu kwapani. Mkwe wake huyo Mkristo ndiye aliyemlisha, akamgeuza, akamwogesha kila asubuhi.

Mama akafa. Mkwe alitaka kitu kimoja tu: awemo chumbani anapoogeshwa mara ya mwisho.

Ila wiki ile mji ulikuwa umechafuka. Huku wamechoma msikiti, kule wamechoma kanisa. Redio inahubiri umoja wa taifa, watu wanakomea milango. Duka la wifi yake, binti wa marehemu, nalo likaenda na moto.

Wifi akamzuia mlangoni.

"Wenzio wamenichomea duka. Mama yangu humgusi tena."

Mkwe akakalia ndoo iliyopinduliwa nje ya chumba, akatazama ukuta. Hakulia. Wanawake wakanong'ona kwamba atalilia nini, si wa kwetu huyo. Mmoja akasema labda anachagua masufuria ya kurithi. Wakacheka chinichini. Aliwasikia, na hakuona hata pa kuumia.

Ndani, kazi ikakwama. Maji lazima yafike mwili mzima, na kwapa lile halifikiki. Wakavuta mkono, ukakaza. Wakavuta tena, kiungo kikalia. Muoshaji, huyo shoga yangu, akawaambia waache, watamvunja mama wa watu. Akamuuliza wifi, huwa mnamfungua vipi?

Wifi akainamisha uso. Hakuwahi kumwogesha.

Mlango ukafunguliwa.

"Wifi," binti wa marehemu akamwita mkwe. "Njoo."

Mkwe akaingia, akapiga magoti. Hakuvuta. Akapenyeza kidole gumba kwenye kiganja kilichofumba, akakandamiza, akangoja. Kisha akasema maneno yake ya kila asubuhi, kwa sauti ile ile ya mtu aliyechoka:

"Mama, tunaoga."

Mkono ukalegea, taratibu, ukafunguka.

"Ushike hapo hapo, mwanangu," muoshaji akamwambia. "Maji tutamwaga sisi."

Akaushika mpaka mwisho. Aliyelia ni wifi.

Mimi darasa nililionja tu, wajukuu zangu, lakini hili nalijua: aliyechoma duka lako na aliyemwogesha mama yako si mtu mmoja, hata kama wanasali nyumba moja. Nchi inaanza kuungua siku mnapowahesabu kuwa mmoja.

Wanaume walirudi kutoka makaburini jua bado lipo. Wifi akajitupa mkekani, hoi, usingizi ukamchukua hapo hapo. Mkwe akabaki ameketi kando yake, mikono mapajani, hajui aipe kazi gani.

Mwisho akajilaza na nguo zake zilizolowa, akalala.