Bwawa la Kijitoni

Mnaotaka kucheka, chekeni. Mimi siombi radhi. Kazi yangu ni kukagua mashamba ambayo wenyewe wametia saini kwamba hawatakata miti wala kujenga humo milele. Ardhi inabaki yao, ila kila mwaka mimi huja kuangalia.

Juzi nilikwenda kwa bibi mmoja, nje kidogo ya Buffalo, huku Marekani. Kando ya kijito nikakuta miti imeangushwa, na maji yamezuiwa kwa bwawa la magogo na matope. Nikapandwa na hasira. Nimekulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania, ambako sisi wenyewe tulikata kuni mpaka vilima vikabaki vipara. Najua mkata miti anavyojitetea.

"Bibi, nani amekata hii?"

"Si mimi," akasema, akitabasamu.

"Na bwawa limejijenga lenyewe?"

"Ngoja, utamwona."

Nikaona ananidharau. Nikampigia bosi wangu simu aje haraka, mkataba umevunjwa. Akaja mbio, viatu vyake vya ofisini vikazama topeni. Nikamwonyesha visiki, huku nikimsomea bibi makosa yake kwa sauti ya mhubiri.

Mara maji yakatikisika. Akaibuka mnyama mnene, mkubwa kama mbwa, mwenye mkia bapa kama mwiko wa ugali, ameng'ata tawi bichi. Akapita mbele yetu sote, akalipachika kwenye bwawa.

"Fundi mwenyewe huyo," bibi akasema. "Anaitwa biva, huangusha miti kwa meno yake. Msomee na yeye."

Bosi akanigeukia. Jasho likanitoka, lakini nikakaza shingo.

"Nitamsomea," nikasema. "Hata yeye hana kibali cha kujenga."