Nafasi ya Besi

Fundi Saa hakuwa mtu wa kutulia hata siku za amani, lakini wiki ile alikuwa kama mtu aliyekalia siafu. Ananyanyuka kitini, anachungulia dirishani, anarudi kwenye kompyuta, anavaa lenzi yake ya jicho moja kana kwamba nyuma ya kioo kile kuna gurudumu lililokwama. Alikuwa na siku sita. Siku ya saba dada yake angepasuliwa koo.

Dada huyo, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Sauti, aliimbia bendi ya watu saba. Watano wamekwisha kuzikwa. Aliyebaki pamoja naye ni mdogo wake huyu, mpiga gitaa la pili, aliyetengeneza saa siku za kazi na kupiga muziki Jumamosi. Daktari alisema uvimbe umekaa juu ya nyuzi za sauti. "Kuongea utaongea, mama. Kuimba siwezi kukuahidi." Na kulikuwa na wimbo mmoja, uliotungwa na marehemu mpiga besi, ambao bendi haikuwahi kuurekodi. Haukuwepo popote duniani isipokuwa kwenye koo hilo.

Zamani jambo hili lingekwisha asubuhi moja. Mlikwenda studio wote saba, mkaizunguka maikrofoni moja, mwenye tarumbeta akarudishwa nyuma hadi mlangoni ili asiwameze wenzake, mkahesabu, mkapiga. Aliyekosea aliwakosesha wote, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kukosea. Utepe ulikuwa haba, na bendi ilikuwa na sheria moja: hakuna kuimba nusu. Hata mkipima sauti tu, mnapima kwa wimbo mzima na kwa moyo wote. Siku hizi kila mmoja anarekodi chumbani kwake, hawajuani hata kwa sura, halafu wanajiita kundi.

Lakini Fundi Saa angempata wapi mpiga besi? Binti yake, muuza dawa, ndiye aliyemletea kompyuta yake ya zamani.

"Baba, zipo programu za bure. Unarekodi gitaa, hiyo trak moja. Unarudi mwanzo, unapiga besi huku unalisikiliza gitaa, trak ya pili. Shangazi anaimba, ya tatu. Zote zinalala moja juu ya nyingine, na kila moja unaweza kuirekebisha peke yake."

"Kwa hiyo nitakuwa bendi mwenyewe."

"Ndiyo."

"Na nikigombana na mpiga besi?"

"Utanuna peke yako. Si umezoea?"

Siku ya kwanza walipakua programu nyepesi, ya kijivu, isiyo na urembo. Binti aliwaletea spika za masikioni, Mama Sauti akazisukuma pembeni. "Sijawahi kuimba masikio yangu yakiwa yamezibwa. Nataka nimsikie mdogo wangu." Basi wakakaa goti kwa goti, yeye na gitaa, dada na sauti yake, wakaanza pamoja kama zamani. Akaimba wote, beti nne, jasho likamtoka.

Binti akapiga makofi. Fundi Saa alikuwa amekunja uso.

"Inachelewa."

"Nini inachelewa?"

"Sauti. Inaingia kwenye maikrofoni, inatoka huku imechelewa. Punje ya sekunde."

"Baba, hakuna binadamu anayesikia hiyo."

Alikuwapo mmoja. Alikuwa ameinamia saa za watu kwa miaka arobaini, na kilichochelewa alikisikia hata kikiwa chumba cha pili. Binti akajinakilia wimbo kwenye simu yake, apate wa kusikiliza njiani, akaenda zake kazini. Fundi Saa akaifuta programu na vyote vilivyokuwa ndani yake. Kompyuta ilikuwa imejaa, na mezani kwake haikuwahi kufunguliwa saa mpya kabla ya vipande vya saa ya jana kufagiliwa.

Siku ya pili akapakua nyingine, nzuri ajabu, imejaa vitufe vya kuzungusha kama redio za zamani. Dada akaitwa. "Tupime kidogo tu, Dada." Akapima wimbo mzima. Walipotaka kuuhifadhi, programu ikadai ilipiwe kwanza. Kurekodi bure, kuhifadhi si bure. Fundi Saa alitukana hadi jirani akafunga dirisha, kisha akaifuta.

Ya tatu ilitaka jina lake, umri wake na neno la siri, na nyimbo ingezihifadhi kwenye mitambo ya watu asiowajua. "Sauti ya dada yangu ikalale kwa nani?" Akaifuta. Ya nne ilikuwa na trak zisizo na idadi, bure kabisa, lakini kompyuta ile kuukuu iliibeba kama mzee aliyepanda ngazi na gunia. Kila ilipofika ubeti wa tatu, inaganda. Mara mbili alimwita dada, mara mbili dada akaimba kwa moyo wote, maana sheria ni sheria, na mara mbili wimbo ukafia hapo hapo.

"Baba," binti akasema kwa simu jioni hiyo, "Shangazi anakohoa. Chagua yoyote."

"Nikichagua mbovu je? Ni mara moja tu hii."

"Amekwisha kuimba mara nne, Baba. Umehesabu?"

Hakuwa amehesabu. Alikuwa akizihesabu programu, si pumzi za dada yake.

Siku ya tano akaipata. Nyepesi, ya bure kweli, haikudai jina wala neno la siri, na alipoirekebisha kidogo ile punje ya kuchelewa ikatoweka. Akaitafuta kasoro asubuhi nzima, akaikosa. Akamwita dada yake huku anatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. Mama Sauti akaketi, akavuta pumzi, akafungua kinywa.

Ukatoka upepo.

Akajaribu tena. Upepo tena, na mkwaruzo. Daktari alipopigiwa simu alisema neno moja: kimya, hadi siku ya kupasuliwa.

Fundi Saa hakukaa, hakusimama. Alizunguka meza, akaenda uani, akarudi, akashika lenzi, akaiweka. Dada yake alimtazama bila kumlaumu, na hilo ndilo lililomfukuza nyumbani. Akatembea mbio mbio hadi duka la dawa, akapanga foleni nyuma ya mwanamke mwenye mtoto wa homa, hata zamu yake ikafika.

"Baba, unaumwa?"

"Nimezifuta."

"Nini?"

"Zote. Na sauti imekwisha."

Binti akamtazama, akaweka chini chupa aliyoishika, akatoa simu mfukoni. "Ya kwanza ninayo. Lakini sauti na gitaa vimegandana humu, Baba, havitenganishiki. Mlikataa spika za masikioni."

Usiku haukuwa umeingia bado Fundi Saa alipoiweka ile rekodi kwenye programu mpya, trak ya kwanza na ya pekee. Mlikuwa na kila kitu humo: gitaa, sauti, mlio wa kiti, kisigino chake kikigonga sakafu. Akalichukua gitaa la besi aliloazima, akaanza kuijaza trak ya pili.

Ubeti wa pili ukamtupa nje. Dada alisita pale, mapigo mawili matupu, kisha akaendelea. Akarudia. Kasita tena. Akavaa lenzi, akaikodolea macho ile michirizi ya sauti kwenye kioo. Huko nako kumechelewa, akawaza, akapeleka kidole akate ule utupu ausogeze wimbo.

Mkono wa dada yake ukamkamata kifundo cha mkono. Akatikisa kichwa. Akageuza karatasi ya dawa, akaandika: *Hapo anajibu yeye.*

Fundi Saa akaisoma mara mbili. Marehemu mpiga besi alikuwa na kijibu chake pale, noti tano za kushuka, kila Jumamosi kwa miaka kumi na minane, na Mama Sauti alikuwa akimsubiri hadi leo. Alimsubiri siku ile ya kwanza goti kwa goti na mdogo wake, na mdogo wake alikuwa akisikiliza punje ya sekunde.

Akarudisha wimbo mwanzo. Akaivua lenzi. Utupu ulipofika akazipiga noti tano, ya mwisho ikaangukia juu ya sauti ya dada yake.

Mama Sauti akaivuta karatasi.

*Umechelewa kuingia. Rudia.*

Akarudia.