Vifuniko Viwili vya Kabati la Joto

Miaka kumi na tisa Bibi Sabuni aliosha vyombo vya maabara, na wimbo wake ulikuwa mmoja: "Andikeni tumboni mwa kibakuli, si kofiani! Kofia huvuliwa!" Wataalamu walicheka, wakaendelea kuandika kwenye vifuniko.

Asubuhi ile hakukalika. Alisugua chupa iliyokwisha kutakata, akaiacha, akairudia. Uboho wa mjukuu wake wa miezi minane, mtoto wa kutoka homa hii kuingia ile, ulikuwa ukioteshwa kwenye kabati la joto, kando ya kibakuli cha mtu mzima mwenye afya, cha kulinganishia.

Mtafiti, binti mmoja wa miwani, akaja mbio. "Bibi, habari njema! Chembe changa za mjukuu wako zimekuwa askari kamili."

Bibi hakupiga kigelegele. "Hebu nieleze tena yule mnyapara wenu."

"Kila chembe ina kitabu kilekile cha jeni. Mnyapara ni protini: hukalia kurasa, hizi akazifungua, zile akazifunga. Ndipo chembe changa ikajua kuwa ni askari. Asipokuwapo, inabaki changa milele, na mwili hauna mlinzi."

"Na kile kibakuli kingine?"

"Kimedumaa. Kiliharibika tu, nadhani."

Bibi akaiweka chupa chini. Juzi, akifuta rafu ya kabati, trei iliinama, vifuniko viwili vikadondoka. Alivirudisha haraka, macho mlangoni. Tumboni mwa vibakuli hamkuwa na herufi hata moja.

Akinyamaza, binti yake, mama wa mtoto, atalala usingizi leo, na kazi yake mwenyewe itabaki. Akazunguka beseni mara mbili. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na kifo hiki si chake yeye.

"Rudieni," alisema. "Vifuniko vilianguka mikononi mwangu. Sijui kipi kilikuwa cha nani."

"Bibi! Wewe? Wewe wa kofia?"

"Mimi huyohuyo. Ukimaliza kunishangaa, nenda kaoteshe upya."

Walirudia kwa uboho uliobaki kwenye barafu, safari hii jina likiwa tumboni. Siku kumi na mbili Bibi alivunja chupa tatu. Jibu likaja: mtoto hana mnyapara. Binti yake alilia hadi sauti ikakauka, kisha akampeleka dada wa mtoto kupimwa kama anaweza kumpa uboho. Uboho wake ukaoana na wa mtoto.

Siku ya kupandikiza, barua ya onyo ikiwa mfukoni mwa aproni, Bibi Sabuni alisimama kwenye beseni akisugua kibakuli kimoja tangu asubuhi. Simu ikalia. Akaipokea kwa mikono yenye povu.

"Sema upesi, mwanangu!"

"Uboho umeingia wote, mama. Amelala. Sasa tunasubiri."