Themostati ya Nyumba ya Meneja

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya mafundi, nilikabidhiwa bisibisi, koleo na kitambaa cha kufutia mikono, nikaambiwa nimfuate Fundi Mkuu popote aendapo. Mimi na mama tulikuwa tumetoka Unguja mwaka 1964, tukapanga chumba Mutrah, mji wa bandari Uarabuni. Kiarabu changu kilikuwa cha msikitini tu. Fundi Mkuu, Mhindi aliyewahi kufanya kazi Mombasa, aliniambia kwa Kiswahili: "Miezi mitatu nakutazama. Ukinifaa, utabaki. Usiponifaa, nenda salama." Mama hakuwa na mwengine wa kumtegemea, kwa hiyo miezi ile yote roho yangu ilikuwa juu.

Mwezi wa tatu, joto likiwa limepamba moto, tuliitwa nyumbani kwa meneja mmoja Mzungu. Nyumba yake ilikuwa na boila, yaani tangi la chuma ndani ya stoo, na chini yake kichomeo cha mafuta ya taa. Ubavuni palikuwa na themostati. Kifaa hicho huhisi joto la maji: yakifika kiwango ulichokiweka huzima moto, yakipoa huuwasha tena. Mke wa Meneja alikuwa na maradhi ya viungo, na daktari alimwamuru akae kwenye maji ya moto kila jioni.

"Asubuhi naiweka sitini, jioni naikuta sifuri," Meneja alilalamika, na Fundi Mkuu akanitafsiria. "Tena bomba la baridi linatoa maji ya moto, na la moto linatoa ya baridi. Nielezeni."

Niliyafuata mabomba kwa mkono, nikidhani aliyeyafunga aliyapishanisha. Hayakupishana. Niliifungua themostati, nikaitia kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto, ikakata pale pale ilipotakiwa. Nikaibadilisha hata hivyo. Kesho yake, sifuri. Nikafunga nyengine. Sifuri tena. Kichwa kilinizunguka hata nikaanza kuamini kuwa ndani ya tangi lile mna shetani, na sioni haya kulisema.

Mpishi wa nyumba, Mzee Khalfan, alikuwa akiniletea kahawa. Ujanani aliishi Unguja, kwa hiyo tukizungumza Kiswahili.

"Hujamaliza tu, mwanangu?"

"Bado, mzee. Nna kazi kidogo hapa."

Sikumwambia ni kazi gani. Katika karakana yetu fundi hakuwa akimweleza mpishi hitilafu. Tuliona ni kujishusha.

Fundi Mkuu alichoka na mimi. "Themostati ya tatu sikupi," alisema. "Kesho uniletee sababu, au uniletee bisibisi yangu."

Asubuhi iliyofuata nilijibanza stoo nyuma ya magunia. Meneja alipoondoka tu, Mzee Khalfan aliingia, akaizungusha themostati mpaka sifuri, akatoka zake bila ya wasiwasi wowote. Nilikwenda mbio karakana.

"Ni mpishi," nilimwambia Fundi Mkuu. "Nimemwona kwa macho yangu."

Fundi Mkuu akampelekea Meneja habari, na kabla ya adhuhuri Mzee Khalfan alikuwa ameshafukuzwa. Nilimkuta langoni kwa Meneja na furushi lake, na hapo ndipo nilipomuuliza kwa nini. Alinishika mkono, akanirudisha uani, akautia chini ya bomba la baridi. Niliuchomoa upesi.

"Tangi la maji ya baridi liko juu ya paa, juani," alisema. "Siku za joto, bomba la baridi haligusiki. Boila liko ndani kivulini, ukilizima maji yake hupoa. Ndiyo nnayotawadhia, ndiyo nnayomwoshea mikono mtoto wao saa sita. Kila mtu hapa hufanya hivi."

"Na bibi anayeoga maji ya moto jioni?"

"Nani kanambia mimi? Ningaliliwasha alasiri." Akalitia furushi begani. "Ungalinieleza, mwanangu."

Hakuwa na hasira, na hilo lilinichanganya zaidi. Nilirudi karakana nimeazimia kusema yote. Fundi Mkuu alikuwa mlangoni, mkononi ana barua yangu ya kuthibitishwa kazini. "Umenifaa," alisema. Niliipokea barua, nikasema ahsante, nikarudi kwenye meza yangu ya kazi.

Baada ya mwaka 1970, nchi ilipoanza kujengwa, kazi ziliongezeka. Nilipelekwa kwenye mitambo ya umeme, kisha hospitali, kisha hoteli moja ya Qurum, ambako nami nikawa Fundi Mkuu. Siku ya kustaafu nilisifiwa kuwa ni hodari wa kugundua chanzo cha hitilafu. Nilitabasamu, nikala keki yao.

Tangu wakati ule nimejitetea kwa mengi: ujana, woga, mama. Mara nakubali, mara nakataa, na mpaka leo sijafika popote. Mimi nilikuwa na mama mmoja wa kumlisha. Mzee Khalfan alikuwa na wangapi, sijui.