Namba Yenye Moja Saba

Shule niliikimbia darasa la pili, lakini namba nazijua, msinicheke mapema. Mwenye duka mmoja wa Shinyanga, mzee wa Kihindi (kanga zake hazikuchuja kamwe), alinifundisha hivi: jumlisha tarakimu za namba yoyote, jumla ikigawanyika kwa tatu, namba nzima inagawanyika kwa tatu. Kwa tisa vilevile. Miaka ya tisini nikaenda na kanuni hiyo machimboni Nyarugusu, wakaniita Profesa.

Asubuhi moja Mama Kulwa, muuza uji wetu, akauliza, "Na kwa saba je, Profesa?"

"Ni yale yale!" Nikaandika mchangani moja mara saba mfululizo: 1111111. "Jumla saba. Ikibaki hata moja, chukua baiskeli yangu." Na baiskeli ile ndiyo iliyonirudisha nyumbani Katoro kila Jumamosi.

Akachuchumaa na kijiti, akagawanya tarakimu moja moja. Alipofika ya sita, hakikubaki kitu.

"Mmeona?" nikawaambia wachimbaji. "Msibishane na wazee!"

Mama Kulwa akagusa ile ya saba. "Shikamoo, Profesa. Na hii moja inakwenda na nani?"

Ilikwenda nami, kwa miguu, hadi Katoro.