Tumngoje Amalize

Mtaani walimwita Mama Viti, ingawa hakuwa na mtoto. Jina lilitokana na kazi. Baba yake alikuwa akikodisha viti na maturubai, na yeye ndiye aliyevipakia, akavipeleka kwenye shughuli za watu, na kesho yake akaenda kuvichukua vikiwa vinanata soda na keki.

Pikapu ya kuvibebea mzee aliinunua alipostaafu udereva. Mgongo ulipomshika, hata kukanyaga klachi ikawa ni kilio, alimwita binti yake uani, mama mtu akiwa amesimama mlangoni, akamtupia ufunguo.

"Hii sasa ni yako, mama," alimwambia. Alizoea kumwita mama kwa sababu binti huyo alirithi jina la bibi yake, mama mzazi wa mzee. "Mimi na gari tumeachana. Ukiweza kuifufua, ifufue. Ikikushinda, waite wa vyuma chakavu."

Aliifufua. Klachi aliibadili mwenyewe, amelala chali juu ya maboksi. Sakafu ilikuwa imeoza kiasi kwamba ukikaa kiti cha abiria unaiona lami ikipita chini ya miguu. Akatafuta bati, akaichomelea. Ndoa yake ilipovunjika, ni hiyo pikapu iliyomrudisha nyumbani na godoro lake nyuma. Tangu hapo hakuwa na kitu kingine duniani ambacho angeweza kusema, bila kumwangalia mtu usoni kwanza, kwamba ni chake.

Mdogo wake wa kiume aliishi mji mwingine. Alikuwa mtu wa maneno matamu na viatu visivyojua vumbi. Safari hiyo alikuja ghafla, akasema amekuja kuwasalimu wazazi tu. Asubuhi iliyofuata mzee akamwita binti yake.

"Mama, leo mwaga oili ya gari, ubadili na filta. Na breki uzitazame. Nataka liwe safi kabisa."

Alifurahi. Ilikuwa muda mrefu mzee hajaulizia habari za gari. Mama yake akamletea chai pale uani, akaiweka juu ya ndoo na kurudi ndani bila kukaa hata kidogo kupiga soga, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Akainyanyua pikapu kwa jeki, akaiegemeza kwenye magogo, akaiwasha kidogo ili oili ipate joto, kisha akaifungulia ikamwagika kwenye beseni. Filta ikagoma. Mara ya mwisho iliwekwa na fundi wa njiani, na fundi yule aliikaza kwa spana kama anayefunga geti la benki. Aliishika kwa mkono, ikateleza. Akaizungushia kitambaa, ikateleza tena. Akaaga kwamba anakwenda dukani kununua oili mpya na filta, akapitia na kwa jirani kuazima spana ya mnyororo. Aliporudi alipitia mlango wa nyuma, akaingia moja kwa moja chini ya gari. Hakuna aliyemwona.

Mnyororo ukang'ata, filta ikalia kidogo, ikaachia. Oili nyeusi ikamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Aliichungulia kuona kama mpira wake wa zamani umetoka nayo, maana ukibaki kwenye injini na mwingine ukaja juu yake, hapo umejitafutia kuvuja. Ulikuwa umetoka. Akapangusa mahali pake, akachukua filta mpya, akachovya kidole kwenye oili safi na kuupaka mpira.

Ndipo alipoona miguu. Kandambili na fimbo za baba yake, na pembeni yake vile viatu vinavyong'aa.

"Amekwenda dukani," mzee alisema. "Sema haraka."

"Baba, mimi kesho nataka niondoke nalo. Umeshamwambia?"

"Bado. Tumngoje amalize. Nikimwambia sasa hivi ataliacha hivyo hivyo limefunguliwa, nani atalifunga? Wewe?"

Mdogo wake akacheka. "Mimi hata boneti sijui linafunguliwa wapi."

"Basi tulia."

"Lakini si uliwahi kumpa?"

"Nilimpa atumie. Wewe una watoto wanaobeba jina langu. Yeye kesho akipata mwanamume, gari limekwenda kwa watu."

"Na mama je?"

"Mama yako ndiye aliyesema asiambiwe kwanza."

Chini ya gari, Mama Viti alikuwa ameshikilia filta kifuani kama mtu aliyebebeshwa mtoto mchanga asiyemjua. Mwanamume gani huyo wa kesho? Angekuwa na nguvu, angecheka. Lakini lile neno la mama yake lilimkata maini. Akaikumbuka chai ile iliyoachwa juu ya ndoo, akaelewa.

Wazo lilimjia lenyewe. Filta ungeweza kuizungusha ishike tu, isibane. Pikapu ingetoka hapo uani vizuri, ingefika mbali, kisha ingeanza kulia machozi ya oili barabarani mpaka injini ikauke. Nani angejua? Alikaa na wazo hilo, akalionja. Kisha akamwona akilini mdogo wake na watoto wake wamesimama juani pembeni ya barabara, akajua kwamba hataweza. Hilo nalo likamuuma zaidi: kwamba wale wawili pale juu walishajua hasira yake haifiki mbali, na walikuwa wameitegemea.

Akaizungusha filta kwa mkono mpaka mpira ukagusa, akaibana tena kwa nguvu za kiganja, bila spana. Akafunga nati ya chini, ile ya kumwagia oili. Kisha akatoka kwa kujivuta, kichwa kikitangulia, katikati ya miguu yao.

Mzee alirudi nyuma nusura aanguke. Mdogo wake akaanza kuangalia simu ambayo haikuwa imelia.

"Mama," mzee alisema, "nilikuwa nataka nikwambie."

"Lini, baba?"

"Ukishamaliza."

"Nimeshamaliza."

Akamimina oili mpya, akawasha gari, akalala tena chini kuangalia kama panavuja. Hapakuvuja. Akazima, akaishusha kwenye magogo, akamwekea mdogo wake ufunguo kiganjani, pamoja na oili yote iliyokuwa mikononi mwake.

"Dada, usinichukie," mdogo wake alinong'ona.

"Siku ya kubadili filta mwambie fundi wako aikaze kwa mkono," alisema, akaenda kunawa.

Wiki hiyo hiyo alihama. Alipata kazi kwenye gereji ya barabara kuu na chumba nyuma ya mashine ya kusaga. Biashara ya viti ikadorora, maana bila gari viti vinabaki kuwa viti tu. Mama yake alimpigia simu mara nyingi; walizungumza habari za afya na mvua, wakaishia hapo.

Siku moja mzee mwenyewe akaletwa gereji na bodaboda. Akakaa juu ya tairi, akamtazama akifanya kazi.

"Mdogo wako alinisumbua sana," alianza. "Na mama yako naye akanishika masikio. Ningefanyaje?"

Mama Viti aliweka spana chini.

"Baba, gari lilikuwa lako. Ungeninyang'anya tu, ningelia nikanyamaza. Lakini mlinipa chai, mkanituma chini ya gari nimpambie mtu mwingine, huku mnanisubiri. Hilo ndilo sijui niliweke wapi."

Mzee akaanza kupangusa fimbo yake kwa kiganja, kama vile imechafuka.

Binti yake akamwitia bodaboda nyingine, akamshika mkono, akampandisha pole pole.

"Nenda taratibu," alimwambia dereva. "Mgongo wake mbovu."

Kisha akarudi kwenye gari la mteja.